Nundu ya Mti wa Kanisani

Kipande cha kwanza kilitoka kizima, na hilo ndilo lililomtia Kasonia wasiwasi.

Fundi yeyote wa mbao anajua kwamba nundu ya mti haina adabu. Mbao ya kawaida ina njia yake. Nyuzi zake zinakwenda upande mmoja kama watu wanaoelekea sokoni, ukizifuata zinakutii. Nundu ni jeraha ambalo mti ulilifunika kwa miaka mingi, na ndani yake nyuzi zinajizungusha kama nywele za utosini mwa mtoto. Ukiikata nyembamba, ufa hutokea popote unapotaka wenyewe. Ndiyo maana Kasonia alikuwa na taratibu zake. Aliichemsha nundu kwenye pipa kutwa nzima, akapaka nta ya mishumaa kila palipokatwa ili isikauke haraka, akaizika katika unga wa mbao uliolowa, kisha akaikata kwa msumeno wa meno madogo, akiuvuta taratibu kama mtu anayemnyoa mgonjwa. Pamoja na yote hayo, akipata nusu ya vipande bila ufa, alimshukuru Mungu.

Siku hiyo msumeno ulimponyoka katikati ya kazi. Uliruka, ukajipinda, ukauma mbao upande usiofaa. Kosa kama hilo lingepasua hata ubao wa mlango. Lakini kipande kilianguka mkononi mwake kizima, chembamba kama ngozi ya ngoma, na kilikuwa vuguvugu. Unga uliobaki kwenye vidole ulikuwa umelowa. Akaunusa. Haukunuka mti. Ulinuka nyasi za paa zilizoungua.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya Kongo, mji wa Butembo ukiwa mikononi mwa waasi. Kulikuwa na komanda mmoja ambaye watu hawakulitamka jina lake hata jikoni kwao. Alikuwa amejitwalia nyumba ya mfanyabiashara kilimani, na sasa alitaka kitanda kinachofaa nyumba hiyo. Askari wake walileta nundu ile kwa gari, kubwa kama mbuzi aliyelala, ingali na matope. Walisema imetoka upande wa Vuhovi, kwenye mti uliokuwa karibu na kanisa dogo. Kasonia alitakiwa kuikata vipande vyembamba, avibandike kwenye ubao wa kichwani mwa kitanda. Hakuuliza lolote. Wakati ule kuuliza kulikuwa na hatari yake.

Ila jina la Vuhovi lilimchoma. Dada yake, Tamar, alikuwa ameolewa huko na mwinjilisti. Mwaka uliotangulia askari wa komanda huyo waliingia kijiji chao siku ya ibada, na tangu hapo hakuna aliyemwona Tamar, wala mumewe, wala mtu yeyote aliyekuwa kanisani. Barabara ya huko ilifungwa. Waliojaribu kwenda kuuliza walirudishwa kwa mitutu ya bunduki, na wengine hawakurudi.

Kasonia alikata kipande cha pili, cha tatu, cha nne. Vyote vizima. Kisha akafanya kama wafanyavyo mafundi wa kazi hiyo: akachukua vipande viwili vilivyofuatana, akavifungua ubavu kwa ubavu kama kitabu, ili michoro ya huku itazamane na ya huko. Nundu hutoa sura mara nyingi ikifunguliwa hivyo. Aliwahi kuona bundi, aliwahi kuona uso wa mbuzi, na wateja walipenda. Safari hii aliona mzee mwenye kidevu kirefu, macho yamefumbwa kwa nguvu, kama mtu anayengoja kupigwa.

Alijilazimisha kucheka. Akafungua vipande vingine viwili. Mwanamke aliyejifunika kichwa. Vingine tena. Watoto wawili, mashavu yamegusana.

Alipouweka msumeno kwa kipande kinachofuata, meno yalilia kama yamekwaruza jiwe. Akachukua patasi akachimbua pole pole. Kikatoka kipande cha risasi kilichobonyea. Pembeni yake kulikuwa na kingine, na kingine tena, vimepangana kwa mstari wa kwenda upande, mahali ambapo kifua cha mtu aliyesimama kingekuwa.

"Mama Luc!" aliita. "Mama Luc, kuya hapa!"

Anne-Marie, mkewe, alitoka jikoni akijifuta mikono. Mtoto wao Luc alikuwa kwa bibi yake huko Kirumba tangu shule kufungwa kwa sababu ya vita, kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu. Alitazama risasi kwenye kiganja cha mumewe. Kisha akatazama vile vipande viwili vya mwisho, ambavyo Kasonia alikuwa bado hajavifungua. Akavifungua yeye.

Mwanamke mwenye uso mpana, mwanya katikati ya meno ya juu, na kovu dogo juu ya nyusi, pale alipoangukiwa na jembe akiwa msichana.

Anne-Marie alikaa chini kwenye unga wa mbao.

"Papa Luc," alisema kwa sauti ya chini, "huyu ni Tamar."

"Ni muti tu."

"Angalia macho yake. Ni Tamar. Balibafunga ku ule muti. Balibapigia risasi pale."

Hapo wote wawili walisikia kitu ndani ya rundo la vipande. Watu wengi, midomo imefungwa, walikuwa wakiguna wimbo wa kanisani kwa Kinande, lugha ya kwao, polepole, kama wanavyoguna watu wanaoogopa kusikiwa.

Kesho yake ilinyesha mvua. Kasonia alitaka kuimaliza kazi upesi aiondoe nyumbani kwake, na haraka ndiyo iliyomponza. Alichukua kipande kimoja kukichonga ukingo kwa tupa. Badala ya kusugua kwa kuvuta, akasukuma. Kikalia *ta!* Ufa mwembamba kama unywele ulikipasua kutoka juu hadi katikati.

Wimbo ulinyamaza.

Alidhani amesikia mvua ikibadilika juu ya bati, lakini haikuwa mvua, ulikuwa ule ufa wenyewe, ambao haukukoma mwishoni mwa mbao bali ulishuka ukaingia kwenye meza ya kazi, ukaipasua meza kwa mlio mdogo mkavu, ukateremka mguu wa meza mpaka sakafuni, ukatembea kwenye saruji ukijipinda kama mtu anayetafuta mlango usiku wa giza, ukapita chini ya kizingiti hadi jikoni, na humo Kasonia akasikia sahani ikipasuka, halafu chungu cha maharagwe, halafu sauti ya mkewe aliyetaka kupiga kelele ikashindwa kutoka. Alimkuta ameshika uso kwa mikono miwili. Mdomo wake wa chini ulikuwa umepasuka katikati, wima, bila damu, ngozi imekauka kama gome, na ufa ulikuwa unashuka kidevuni mbele ya macho yake, unashuka taratibu kuelekea shingoni, na kutoka kwenye ule mdomo sauti ambayo haikuwa ya Anne-Marie ilikuwa ikiuliza, tena na tena, kwa Kinande cha vijijini, nani alifunga mlango, nani alifunga mlango.

Kasonia hakuomba wala hakulia. Mikono yake ilikimbilia kile inachokijua. Alirudi karakanani, akatwaa gundi iliyokuwa ikichemka, akaimwaga kwenye ule ufa, akaweka kitambaa chepesi nyuma ya kipande, akakikaza kati ya mbao mbili akapanda juu yake kwa magoti, akakandamiza kwa uzito wake wote huku akisema, "Tamar, ni mimi. Ni mimi, Tamar. Ngoja." Gundi ilipoanza kushika, sauti jikoni ilikatika. Ufa ulikuwa umefika kwenye koo la Anne-Marie. Hapo ulisimama.

Walimwita Mama Rébecca, mwombezi wa kanisa lao, mwanamke ambaye alikuwa amefukuza mapepo katika nyumba nyingi za mtaa ule na hakuwa mtu wa kutishika. Alipiga magoti karakanani, akaweka mkono juu ya rundo la vipande, akaomba. Aliomba muda mrefu. Kisha sauti yake ikapungua, ikapungua, akanyamaza, akabaki ameinamisha kichwa kama mtu anayesimuliwa jambo. Alipoinuka machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mwana, mimi hapana weza kubafukuza hawa."

"Mbona wengine ulibafukuza?"

"Bale balikuwa mashetani. Hawa ni batu. Beko na maneno yao, na hakuna mutu alibasikiliza. Nitabafukuza beende wapi? Kaburi hawana." Alijifuta uso kwa kitenge. "Wazike. Wewe na Mama Luc, chukueni hii mbao yote, muizike na maombi."

"Na Komanda? Nitamuambia nini? Atatuua, Mama."

Mama Rébecca alimtazama machoni, akaona kilichokuwemo.

"Haiko woga tu inakuzuia," alisema. "Uko nawaza jambo ingine. Kasonia, sikiliza. Kisasi haiko kazi ya fundi. Hasira ya batu wafu haina macho. Haichagui."

"Inamutafuta yeye. Inauliza nani alifunga mulango. Donc basi nitaipeleka kwa ule mwenye alifunga."

"Na bale wengine mu ile nyumba?"

Kasonia aliinama akaokota msumeno wake. Yule mama aliondoka bila kunywa chai.

Tangu siku hiyo Kasonia alifanya kazi kama ambavyo hakuwahi kufanya maishani. Alijua sasa kwamba kila kipande ni mlango, na ufa ni ufunguo. Alikata mbao ikiwa bado na joto la maji. Alibandika kitambaa nyuma kabla kipande hakijapata hewa, akaviweka vyote kati ya karatasi na mbao bapa, akaongeza mawe juu, akageuza, akafunua kidogo, akafunika tena kama mtu anayechunga mkate. Alichonga kingo kwa kuvuta tu, upande mmoja, kwa msasa uliochakaa. Hakuna kilichopasuka tena. Anne-Marie alikaa mlangoni akimtazama. Mdomo wake ulikuwa umepona, lakini ulibaki na mstari mwembamba wa rangi ya kahawia ambao haukutoka kwa sabuni wala mafuta, na mara nyingine alikuwa akiguna wimbo ule bila yeye mwenyewe kujua.

Kisha ulikuja wakati wa kuchagua ubao wa kubandikia. Karakanani mlikuwa na mbao kavu, iliyokaa juu ya dari miaka. Kasonia aliipita. Alichukua mbao mbichi, iliyokatwa juzi, yenye maji bado. Mbao kavu inatulia. Mbao mbichi inasinyaa siku baada ya siku, na chochote chembamba kilichobandikwa juu yake kitavutwa hadi kipasuke.

"Unafanya makusudi," Anne-Marie alisema.

"Ndiyo."

"Muweke Tamar katikati," alisema mkewe. "Pale kichwa yake italala."

Kitanda kilipofikishwa kilimani, Komanda alifurahi. Alikuwa mtu mnene kidogo, mcheshi, mwenye sauti nzuri, na hilo lilimchukiza Kasonia kuliko kama angekuwa mkatili wa sura. Alipitisha kiganja juu ya nyuso zilizong'arishwa, akasifu uzuri wake kwa Lingala, "Kitoko mingi!" akawaita askari wake waje kuona.

"Fundi, hii haitapasuka?"

"Hapana, Komanda."

"Ikipasuka, wewe pia nitakupasua." Akacheka, na askari wakacheka.

"Ila tu, ukungu ya hapa inaharibu mbao," Kasonia alisema, akishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Muweke mbabula, ile jiko ya moto ya makala, mu chumba kila siku. Joto ni muzuri."

"Umesikia?" Komanda alimwambia mwanamke aliyesimama pembeni. "Makala kila siku." Kisha akaitwa nje kwenye redio ya jeshi, na askari wakamfuata.

Mwanamke yule alikuwa bado msichana. Jina lake Hadassa. Mji mzima ulijua kwamba Komanda alimleta kutoka vijijini kwa nguvu, na mji mzima ulimwita mke wake, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwita jina lingine. Kasonia alikuwa akikaza skrubu za mwisho alipomwona ananyoosha mkono na kugusa uso wa katikati, palepale kwenye kovu la nyusi.

"Mama Tamar," Hadassa alisema.

Kasonia aliacha bisibisi ianguke.

"Ulimujua?"

"Nilikuwa ndani ya kanisa, Komanda alifunga mulango. Batu balitolewa mumoja mumoja, banafungwa ku muti. Yeye alinificha chini ya kitenge yake mpaka zamu yake ilifika." Alizungumza bila kumtazama. "Huyu Komanda alinikuta kisha, balipoanza kuchoma paa. Akasema niko muzuri, niishi."

"Mungu wangu."

"Ni mimi nilimuambia kitanda. Nilimuambia, kule kwetu kuko muti na nundu muzuri, uikate, utengeneze kitanda ya komanda. Akatuma batu." Sasa alimtazama. "Nilikuwa nabasikia ku ule muti kila siku, Papa. Wananiita. Sikukuwa na njia ingine ya kubaleta."

Kasonia alimsogelea, akamnong'oneza haraka, "Mwanangu, sikia. Niliibandika ku mbao mubichi. Itapasuka. Na ikipasuka, haitachagua. Ilitaka kumuua bibi yangu, na yeye hana kosa. Toroka. Nitakungojea chini ya kilima, bibi yangu atakuficha."

"Nikitoroka atajua. Atachoma kitanda, atachoma na mutaa yenu."

"Basi niiondoe. Nitasema kuna kasoro."

Hadassa alitikisa kichwa. Alikwenda pembeni, akavuta mbabula karibu na kichwa cha kitanda, akaanza kupanga makaa kwa vidole, moja juu ya jingine, kwa uangalifu mkubwa.

"Rudi kwako, Papa," alisema. "Mimi nitabangojea hapa na Komanda."

Nyayo za Komanda zilisikika ukumbini. Kasonia aliokota bisibisi yake. Angeweza kusema neno. Alikuwa na neno tayari mdomoni: kasoro, Komanda, nairudisha. Alimtazama yule mtu mnene akiingia huku anacheka, akamkumbuka dada yake amefungwa kwenye mti, na neno likarudi chini. Akaaga, akaondoka.

Kiangazi kilifika. Vumbi jekundu lilitanda juu ya paa, na kila jioni moshi wa makaa ulitoka kwenye dirisha la chumba kile kilimani. Siku moja baada ya chakula cha mchana, Komanda alipokuwa amejilaza, watu wa mtaa walisikia milio kutoka ile nyumba, *ta! ta! ta!* mfululizo, wakalala chini wakidhani ni risasi. Hazikuwa risasi. Askari waliokuwa mlangoni walisema baadaye kwamba walisikia umati wa watu wakiimba ndani ya chumba kimoja, wanaume, wanawake, watoto, midomo imefunguka sasa, sauti zimetoka zote, na katikati ya wimbo Komanda akilia afunguliwe mlango, nao walisukuma wakapiga teke wakapiga mlango kwa risasi, na mlango ambao haukuwa na kufuli ulikataa kabisa mpaka wimbo ulipokwisha, ndipo ukafunguka wenyewe taratibu.

Alikuwa kitandani. Hakuwa na tundu lolote mwilini, wala tone la damu. Alikuwa amepasuka kuanzia paji la uso hadi nyayo, mipasuko mingi membamba inayojizungusha, kavu kama kuni. Dirisha lilikuwa na vyuma, vyote mahali pake. Hadassa hakuwemo.

Askari walikimbia kabla jua halijazama, wengine wakiacha bunduki.

Kasonia aliposikia, alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akamkumbuka yule msichana na kicheko kikamkauka. Alikwenda na Anne-Marie katika nyumba ile tupu, akitaka kumchukua dada yake akamzike. Lakini vipande vyote vilikuwa vimepasuka katikati, na ndani yake hamkuwa tena na uso wa mtu. Mzee hakuwemo, watoto hawakuwemo, Tamar hakuwemo. Ilikuwa mbao.

Kipande kimoja tu kilikuwa kizima, chini kabisa pembeni, mahali ambapo Kasonia alikuwa na hakika hakubandika sura yoyote. Msichana, macho yamefumbwa, midomo imebanwa kama mtu anayezuia pumzi. Mbao ilikuwa vuguvugu.

Alikitoa kwa kisu na maji ya moto, kwa kazi ya kutwa nzima, bila kukipasua.

Walihamia upande wa Beni, wakajenga karibu na Mavivi, wakamchukua Luc kutoka Kirumba. Kasonia aliacha kazi ya nundu, akawa anatengeneza milango na mabenchi. Lakini kile kipande alikitunza. Alitaka kukizika, na kila alipochimba shimo aliwaza mchanga ukikauka, mchwa, uzito wa udongo, na ufa. Basi alikiweka chumba cha ndani, kimefunikwa kwa kitambaa chenye maji, na kila asubuhi alikilowesha upya, akakipaka mafuta, akakiambia, "Lala, mwanangu. Yule amekufa. Lala."

Vita haikuisha. Makomanda walibadilika majina na vyeo. Na habari, sijui zilipita njia gani, zilifika vijijini, maana watu walianza kuja mchana kweupe, mmoja mmoja, wakiuliza kwa fundi Kasonia ni wapi. Walikuwa watu waliopoteza watu. Hawakutaka milango wala mabenchi. Kasonia aliwafukuza wote. Wengine aliwafukuza kwa maneno mabaya, akaingia ndani akalia.

Siku moja alikuja mama mmoja aitwaye Kanyere, ametembea kwa miguu kutoka mbali, mgongoni hana kitu na kichwani hana kitu. Alikaa kwenye benchi la nje. Alitaja jina la mtu mwenye cheo. Akataja watoto wake, kila mmoja kwa jina lake.

"Hapana," Kasonia alisema. "Mama, pole. Pole sana. Ile kitu haichagui. Ilimumeza mutoto mwenye hakukuwa na kosa. Rudi nyumbani."

"Nyumba iliungua," Kanyere alisema.

"Rudi, nakuomba."

Kanyere hakuinuka. Ndani ya nyumba kulisikika nyayo. Anne-Marie alitoka chumba cha ndani, anaguna kwa midomo iliyofungwa. Mkono mmoja alishika kile kitambaa, maji yakidondoka sakafuni. Mkono wa pili ulikumbatia mbao kifuani, na mbao ilikuwa wazi, inapata hewa. Alimpita mumewe kana kwamba hayupo. Akaketi karibu na yule mama, akamgusa goti.

"Huyo mutu wako," aliuliza kwa upole, "analala wapi?"